Kwa Waziri wa Fedha: asilimia 30 ihesabiwe pesa zikishaingia

Mheshimiwa Waziri,

Kikundi chetu cha wanawake hushona shuka na mapazia ya hospitali hapa Mombasa. Cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kutenga sehemu ya tenda zake kwa makundi kama yetu, tunacho, kodi tumelipa, na tenda tumewahi kupata. Kwa hiyo silalamiki kwamba tumenyimwa nafasi. Shida yangu ni yanayofuata.

Mpango huu ulizinduliwa 2013, kisha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ikaupa meno: kila taasisi ya umma iwatengee vijana, wanawake na watu wenye ulemavu angalau asilimia 30 ya thamani ya manunuzi yake. Hata dhamana ya benki hatudaiwi tunapoomba. Tunatia sahihi tamko, basi. Hapo mlitufikiria, na tunashukuru.

Lakini hesabu ya hiyo 30 hufungwa siku tenda inapotolewa. Tukishapewa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, kitambaa tunakichukua kwa mkopo Biashara Street, mafundi tunawalipa kila Jumamosi, mzigo tunaufikisha stoo, unahesabiwa shuka kwa shuka, tunagongewa muhuri. Kisha inaanza njoo wiki ijayo. Juni 30 inapita, mwaka wa fedha unafungwa, na ankara yetu inageuka deni la zamani. Mwenye duka la vitambaa hana habari na mwaka wa fedha. Anachojua ni nambari yangu ya simu.

Ndipo wenye mitaji wanapoazima vyeti vya vijana. Kijana anatia sahihi, anapewa chake kidogo, na tajiri anakaa kungoja malipo hata mwaka mzima bila wasiwasi. Kwenye ripoti, kijana amepata tenda! Ni wizi, lakini sishangai ukishamiri mahali ambapo mnyonge hawezi kungoja.

Taasisi hutakiwa kupeleka ripoti ya mgao huu kila miezi sita. Naomba muongeze safu mbili tu: tarehe bidhaa zilipopokewa, na tarehe pesa zilipoingia kwenye akaunti ya mwenye tenda. Ambayo haijalipwa isihesabiwe kwenye ile 30. Na madeni ya zamani yakipangiwa foleni, ankara za vikundi kama chetu zitangulie. Yetu haifiki hata laki tano, Mheshimiwa, haitaitikisa Hazina.

Ripoti ijayo ingefaa kuanza hivyo.

Wako,
Mweka hazina wa kikundi, Mombasa