Kuhamisha pochi ya Bitcoin kutoka Windows: usihame pamoja na mwizi

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wateja wa duka letu la Lubumbashi ni hili: "Nikichukua maneno yangu 12 nikayaandika kwenye Linux, si nimeshahama?" Umehama, ndiyo, na kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi. Lakini kama Windows uliyokuwa ukitumia ilishaingiwa na kirusi, mwizi naye amehama pamoja nawe.

Pochi si mahali Bitcoin zinapokaa. Bitcoin zimeandikwa kwenye daftari la mtandao mzima, na maneno 12 au 24 ndiyo ufunguo wake. Aliyekwisha kunakili ufunguo haihitaji tena laptopu yako. Anaweza kungoja miezi, salio likue, ndipo achukue. Kwa hiyo kazi ya kuhama ina sehemu mbili: mfumo mpya, kisha maneno mapya yaliyozaliwa ndani ya mfumo huo mpya, na pesa zote kutumwa huko. Tunamruhusu mteja kubaki na maneno ya zamani katika hali moja tu: pale yalipotengenezwa na kifaa maalumu cha kripto na hayajawahi kuandikwa kwenye kompyuta wala kupigwa picha kwa simu. Picha ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2025 Kaspersky walieleza kirusi kilichoitwa SparkCat, kilichopita ndani ya programu za simu, kikasoma picha za mwenye simu kikitafuta maneno kama hayo.

Windows za mjini kwetu zina shida mbili za ziada. Laptopu nyingi za mtumba zina prosesa za zamani ambazo Microsoft haizikubali kwa Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Pia Windows nyingi zimefunguliwa kwa kreki, yaani programu ya kukwepa leseni, iliyotoka kwenye flashi ya mtu fulani, na kreki ndiyo mlango unaopendwa na virusi vya kuiba pochi. Kimoja hunakili faili la pochi, kingine hurekodi kila herufi unayobonyeza. Cha tatu ndicho kinacholiza watu wengi: unanakili anwani unayotaka kupelekea pesa, na unapoibandika kirusi kinaweka anwani ya mwizi mahali pake. Ukitazama herufi tatu za mwanzo tu, hutagundua kitu.

Mfumo tunaoupendekeza kwa mtu anayeweka akiba ni Tails, mmoja wa mifumo ya Linux. Unakaa kwenye flashi, unawashwa kutoka hapo bila kugusa diski ya laptopu, na Electrum, programu ya pochi ya Bitcoin, imo ndani tayari. Anayetaka kompyuta ya kazi ya kila siku tunamwekea Debian au Linux Mint yenye diski iliyofungwa kwa nenosiri, lakini makala hii inahusu Tails.

Unahitaji flashi ya giga 8 au zaidi, na iwe mpya, maana kila kilichomo kitafutwa. Laptopu iwe ya biti 64, RAM angalau giga 3. Mac zenye chipu za Apple, M1 na zilizofuata, hazifai. Faili la Tails lina zaidi ya giga 1, kwa hiyo nunua mega za kutosha kabla ya kuanza. Lipakue kutoka tails.net peke yake, na kwenye ukurasa huohuo bonyeza kitufe cha kulihakiki. Usiruke hapo. Faili lililokatika katikati kwa sababu mtandao ulianguka huonekana zima hadi siku linapokataa kuwaka. Kwenye Windows, programu ya Rufus ndiyo inayoandika faili hilo juu ya flashi. Hakikisha betri ya laptopu imejaa. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kuandika, flashi haijafa, ila itabidi uanze upya.

Kuwasha kutoka kwenye flashi, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, mara tu baada ya kuwasha. Tails ikiwaka lakini ikashindwa kuungana na Tor, mtandao wa kuficha ulipo ambao Tails huupitia, angalia saa kwanza. Laptopu za zamani huwa na betri ndogo ya CR2032 iliyokufa, na tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Tor haikubali saa iliyopotoka namna hiyo. Betri hiyo inabadilishwa kwa dakika chache. Na kama Wi-Fi haionekani kabisa, unganisha simu kwa waya wa USB ushiriki mtandao wa simu. Mara nyingi hiyo inatosha.

Sasa jambo dogo linalofungia watu wengi nje: klavye. Laptopu zetu nyingi ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, na Tails huwaka ikiwa QWERTY, ule wa Kiingereza. Ukiandika nenosiri "zawadi" bila kubadilisha, kompyuta inapokea "wqzqdi", nawe huoni, kwa sababu skrini inaonyesha nukta tu. Kesho ukichagua Kifaransa, nenosiri linakataa. Chagua klavye kwenye skrini ya kwanza kabisa, na chagua ileile kila siku.

Baada ya hapo unda hifadhi ya kudumu ya Tails, ile inayofungwa kwa nenosiri, halafu uwashe kipengele cha pochi ya Bitcoin ndani yake. Usipokiwasha, Tails itafuta faili la pochi ukizima laptopu, kama inavyofuta kila kitu. Nenosiri liwe maneno matano hadi saba yasiyohusiana. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa si nenosiri.

Fungua Electrum baada ya Tor kuungana, si kabla. Unda pochi mpya, iite "mpya". Electrum itakupa maneno 12 ya Kiingereza. Yaandike kwa penseli, kwa herufi kubwa, yenye namba 1 hadi 12. Wino wa kalamu unaweza kuyeyuka karatasi ikinyeshewa; penseli inabaki. Neno usilolijua linakiliwe herufi kwa herufi, usiandike unavyolisikia.

Karatasi peke yake haitoshi katika mji huu, na si kwa ajili ya mvua tu. Aliyeona vichuguu vya Katanga anajua mchwa wanavyofanya kabati la mbao. Kinachofaa ni bamba la metali, na sisi tuko kwenye mji wa shaba. Nunua kipande cha shaba na seti ya herufi za kugongea, ugonge mwenyewe nyumbani. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, aluminiamu kwenye 660 tu, kwa hiyo usitumie mfuniko wa sufuria. Na tafadhali: fundi wa shaba akukatie bamba, asikugongee maneno. Hata sisi dukani hatutaki kuyaona. Hatua hii tunatoka chumbani, tunarudi ukituita.

Pochi ya zamani sasa. Usitume pesa kutoka Windows, kwa sababu ya kile kirusi kinachobadilisha anwani. Ndani ya Tails hiyohiyo fungua pochi ya pili, iite "zamani", uingize maneno ya zamani huko. Kama yalitoka Electrum, yatakubaliwa mara moja. Yaliyotoka kwenye pochi nyingi za simu ni ya aina ya BIP39, kanuni ya maneno inayotumiwa na pochi nyingi, na Electrum itakataa kuendelea hadi ufungue Options uchague BIP39. Kisha itauliza aina ya anwani, na hapa ndipo mtu huona salio sifuri akashikwa na jasho. Pesa hazijapotea, umefungua mlango usio wake. Tafuta anwani yako ya zamani: ikianza na 1 ni ya aina ya kwanza, ikianza na 3 ni ya kati, ikianza na bc1q ni ya kisasa. Kuna pia kitufe cha kutafuta akaunti zilizopo, kinachojaribu milango hiyo kwa niaba yako. Kama uliwahi kuongeza neno lako mwenyewe juu ya yale 12, liweke pia. Bila hilo pochi inafunguka tupu bila kukulaumu.

Neno likikataliwa, chanzo karibu kila mara ni tahajia. Orodha ya BIP39 ina maneno 2048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha neno moja na lingine. Ukisoma "scho" kwenye karatasi iliyochafuka, neno ni "school", halina ndugu. Angalia pia kama orodha yako si ya Kifaransa, kwa sababu BIP39 ina orodha ya Kifaransa pia.

Kabla ya kutuma yote, tuma kidogo, satoshi 20,000 hivi (satoshi ni sehemu ndogo kabisa ya Bitcoin), kutoka "zamani" kwenda "mpya". Linganisha anwani nzima. Muamala ukithibitishwa, kwa kawaida ndani ya dakika kumi hadi saa moja, funga na ufute faili la "mpya", kisha ulirejeshe kwa kusoma bamba lako. Zile 20,000 zikirudi kuonekana, bamba ni sahihi. Baada ya uthibitisho, jaribio hili linachukua robo saa na ndilo tusilokubali mteja aliruke, hata akiwa na haraka.

Ada ya kutuma haipimwi kwa kiasi cha pesa bali kwa ukubwa wa muamala. Kila malipo uliyopokea hukaa kama kipande chake, kwa hiyo anayelipwa kidogo kidogo ana vipande vingi. Kipande kimoja cha anwani ya bc1q kinachukua nafasi 68, na sehemu nyingine ya muamala wenye mpokeaji mmoja karibu 42. Kwa bei ya satoshi 5 kwa nafasi, mwenye kipande kimoja atalipa karibu 550, mwenye vipande 30 karibu 10,410, hata kama salio lao ni sawa. Ukiwa na vipande vingi, ngoja siku ambayo mtandao umetulia. Kiasi usikiandike kwa mkono. Bonyeza Max, Electrum itatoa ada yenyewe.

Tahadhari moja kuhusu masasisho: mnamo Desemba 2018 wezi walitumia seva zao kuwaonyesha watumiaji wa Electrum ujumbe wa kuwataka wapakue toleo jipya, nalo lilikuwa la bandia. Ndani ya Tails, Electrum husasishwa pamoja na Tails yenyewe. Ujumbe mwingine wowote wa kukuambia upakue, uache.

Wenye USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, Electrum haiwahusu, ni ya Bitcoin tu. Anwani yenu ikianza na T mko kwenye mtandao wa Tron, na kuhamia maneno mapya kunahitaji TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia ada kwenye pochi ya zamani. Kanuni ya maneno mapya haibadiliki.

Maneno ya zamani usiyatupe. Anwani ya zamani haifi, na mteja wako wa nje aliyeihifadhi anaweza kutuma huko mwakani. Mpe anwani mpya, ibadilishe kila ulikoiweka, na baada ya miezi fulani fungua "zamani" ndani ya Tails uone kama kuna kilichoingia.

Ukija dukani kwa kazi hii, leta laptopu na chaja yake, flashi mpya, penseli, na anwani moja ya zamani iliyoandikwa kwenye karatasi. Maneno ya siri yabaki mfukoni mwako.