Miaka 20 bila deni, halafu benki inaniambia hainijui

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako, nitajaribu nisiwe mrefu ingawa najijua. Mimi huuza spea za magari hapa Kirinyaga Road, kule watu bado wanaita Grogan, na hii kazi nimeifanya miaka 20 sasa. Shoki, breki pedi, beringi, uliza chochote. Ndio maana ile siku nilinyimwa gari ya kukodisha nikiwa nchi ya watu, na pesa ninazo kwa akaunti, niliskia aibu kama mtoto amefukuzwa shule juu ya karo.

Ilikuwa 2023. Mwanzo wa mwaka huo Afrika Kusini ilituondolea Wakenya visa, unakaa hadi siku 90 kwa mwaka, na dadangu mdogo anaishi Polokwane, akasema sasa hamna kisingizio, leta mama. Mama ana goti baya, mambo ya kupanda na kushuka mabasi hawezi, kwa hivyo nikasema nitakodisha gari pale uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg, tujipeleke polepole na barabara ya N1, ni kilomita 300 na kitu, na wao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Nikabuku kwa intaneti, nikalipa na kadi yangu ya benki, ile iko na nembo ya Visa, ikakubali mara moja. Hapo ndipo nilidanganyika. Nilijua maneno yameisha.

Kufika kaunta, kijana akaangalia leseni akasema sawa, akaangalia paspoti akasema sawa, akachukua kadi akaigeuza mara mbili akanirudishia. "Hii ni debiti, baba. Sisi tunataka krediti." Yaani yangu inakata pesa yangu iliyo kwa akaunti, wao wanataka ile benki inakukopesha halafu unalipa baadaye. Nikamwambia hiyo ni Visa. Akasema ndio, naona ni Visa. Nikamwambia kuna pesa ndani, si uijaribu uone. Akasema shida sio pesa. Na kweli ukiangalia hiyo kadi vizuri imeandikwa debiti hapo mbele kwa herufi ndogo, miaka yote nimeitoa kwa mfuko na sijawahi kusoma. Nikatoa simu nimuonyeshe kadi ya GlobalPay, hii ya M-Pesa iliyokuja 2022, ambayo kwa kulipia vitu vya mtandaoni ni nzuri sana sina neno nayo, lakini yeye alitaka kadi ya kushika na mkono. Dadangu kwa simu akasema basi tumia ya shemeji yako, kijana akakataa pia, jina kwa kadi lazima liwe la yule dereva. Watu nyuma yetu kwa laini wameanza kukohoa. Mama huyo amekalia sanduku, ananiuliza kwa lugha yetu kama nimeiba kitu.

Tukachukua treni hadi Park Station, kutoka hapo basi, na kufika Polokwane usiku goti la mama lilikuwa limefura kama boga. Pesa ya kubuku sikurudishiwa yote.

Baadaye nikaelewa, na hasira ikapungua, juu mimi pia ni mfanyabiashara na mali kauli naijua. Fundi nisiyemjua akija dukani anataka kwenda na gia boksi akaijaribu, simpi hivi hivi, lazima aache kitu. Sasa huyu wa magari anakupa mali ya mamilioni na amekujua dakika kumi. Anachofanya ni kuambia benki yako ishikilie kiasi fulani mpaka urudishe gari, na hapo anawaza mikwaruzo, tangi umerudisha nusu, ile sehemu ya hasara ambayo bima haikulipii, na faini za kuendesha kasi ambazo zinakuja wakati wewe ushapanda ndege umeenda. Kwa krediti, kinachoshikiliwa ni ahadi ya benki, yaani limiti yako inapungua tu halafu inarudi. Kwa debiti ni pesa yako mwenyewe imefungiwa, na inaweza kukaa wiki moja au mbili kabla uione tena, na faini ikichelewa kuja anaweza kupata akaunti imebaki na vumbi. Wengine hukubali debiti ukinunua ile bima yao kubwa, lakini hiyo inategemea kampuni, wakati mwingine hata tawi. Kwa hivyo ukipiga simu kabla ya safari usiulize kama wanachukua Visa. Uliza kama wanachukua debiti kwa dipoziti, yaani hiyo pesa inayoshikiliwa, hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Sasa Mhariri, kilichonifanya nikuandikie kinaanzia hapa. Nilirudi Nairobi nikaenda kwa benki yangu, sitaitaja, benki nimeweka pesa karibu kila siku ya kazi tangu nifungue duka. Nikasema nataka kadi ya krediti. Msichana mpole sana akaniomba peislipi za miezi mitatu na barua ya mwajiri. Nikamwambia mwajiri ndiye huyu unaongea naye. Akacheka, akasema basi leta stetimenti, leta PIN ya KRA ile ya kodi, leta leseni ya biashara ya kaunti. Nikapeleka zote, na juu yake nikaongeza stetimenti za tili yangu ya Lipa na M-Pesa, ile namba wateja hunilipia kwa simu, karatasi nene kama Biblia. Wiki mbili baadaye jibu ni hapana. Sababu? Sina historia ya mkopo. "Wewe ni mteja mzuri mzee, lakini upande wa mkopo mfumo haukujui."

Haunijui! Nikaenda nikachukua ripoti yangu ya CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu, ripoti ambayo kila Mkenya ana haki ya kupata moja bure kwa mwaka na wengi hatujui, nikakuta imekauka kama sahani ya mbwa. Mimi siku zote nilidhani CRB ni ya wale walioshindwa kulipa, kumbe tangu kanuni za 2013 benki zinapeleka habari nzuri na mbaya zote, yaani ukikopa ukalipa vizuri hiyo inaandikwa na inakusaidia. Jirani yangu wa duka, ambaye hulala na mikopo ya simu na kuamka nayo lakini hulipa, ako na faili nono. Mimi niliyenunua kila beringi kwa pesa taslimu, niliyesomesha watoto watatu bila kukopa hata shilingi, ni mgeni. Simlaumu yule msichana, yeye anasoma kile kompyuta inamwambia. Lakini nyinyi mnaokaa orofa za juu mkiandika hizo sheria, mnaona pesa ikiingia na kutoka kwa akaunti yangu miaka yote hii, mnakula ada kwa kila hatua, halafu hiyo sio kunijua?

Njia iliyobaki ilikuwa niweke dhamana ya pesa yangu mwenyewe. Nikafungia laki moja kwa akaunti ya amana, siwezi kuigusa, na wao wakanipa kadi yenye limiti ya elfu 80. Fikiria hapo kidogo. Nakopeshwa pesa yangu, na nikichelewa kulipa natozwa riba juu yake. Nikakubali juu goti la mama halingojei benki.

Kwa wale wataenda njia hii kama mimi, limiti iangalie sana. Dipoziti ya gari safari ya pili ilikuwa randi 6,000, zaidi ya elfu 40 za kwetu, na hoteli nayo hushikilia yake, ukiwa na kadi ya elfu 30 utarudi kwa lile basi tu. Usitoe kashi kwa ATM na krediti, riba inaanza siku hiyo hiyo na kuna ada juu. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe, riba hakuna. Mashine huko nje ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa pesa yao, chagua pesa yao, hiyo ya shilingi wanakupangia bei yao. Na mwambie benki unasafiri, la sivyo kadi inafungwa ukiwa kaunta na mama yako yuko juu ya sanduku tena.

Tulienda 2024. Kijana mwingine, kaunta ile ile, akachukua kadi, dakika mbili funguo mkononi. Kidogo nijisikie vibaya kwa vile ilikuwa rahisi. Meseji ya benki ikaingia kwamba randi 6,000 zimechukuliwa, nikashtuka nikijua nimeibiwa, mama akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nimemhubiria hayo maneno njia nzima kwa ndege. Ziliachiliwa siku sita baada ya kurudisha gari.

Ninachoomba benki ni vitu viwili tu. Mtu akifungua akaunti mwambieni kadi mnayompa ni ya aina gani na itamkatalia wapi, isiwe anaambiwa na kijana wa kaunta ng'ambo. Na stetimenti za tili mzisome. Ziko na kila siku niliyofungua duka na kila siku niliyofunga, hata wiki tatu nilizolala hospitali zinaonekana.

Amana yangu inaiva Novemba, nimeambiwa hapo naweza kuomba upya bila dhamana. Nitaenda na zile karatasi zangu nene, hata kama itabidi nizibebe kwa mkokoteni kutoka Grogan. Mama naye ashaanza kuuliza Polokwane ni lini tena, na safari hii anasema atakaa mbele.

Muuza spea,
Kirinyaga Road, Nairobi