Salumu, toka kwenye chumba cha giza

Tanga

Kwako ndugu yangu Salumu,

Salamu nyingi, na shemeji umpe zake. Ujumbe wako nimeusoma, kwamba tangu uangushwe kwa ngumi ulingoni umejifungia kwenye chumba cha giza. Picha ya CT ya kichwa imerudi safi, lakini kichwa bado kinagonga, mwanga unakukera, ukigeuka ghafla unataka kudondoka, na kambini wanasema unajidekeza. Hujidekezi. CT huona damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Ngumi inayotikisa ubongo huvuruga kemia ya chembe zake na namna zinavyopata nguvu, na hilo halitokei kwenye ile picha.

Kwanza nikupinge kwenye jambo moja: kulala chumba cha giza. Hiyo ni dawa ya saa 24 hadi 48 za mwanzo tu. Wewe umeshapita mwezi wa pili. Ukiendelea kujifungia, mwili unalegea, usingizi wa usiku unaharibika, na macho yanazidi kuuogopa mwanga. Miwani myeusi vaa juani, ndani ivue.

Kinachosaidia ni mazoezi yenye kipimo. Asubuhi jiulize: kuanzia sifuri hadi 10, kichwa kiko ngapi? Kisha tembea, ukiongeza mwendo kidogo kidogo, huku mtu akiwa karibu nawe. Dalili zikipanda kwa pointi zaidi ya mbili, simama papo hapo uhesabu mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Tuseme umepata 140. Hapo ndipo ukuta wako ulipo. Mazoezi ya kila siku yawe kati ya asilimia 80 na 90 ya namba hiyo, yaani mapigo 112 hadi 126, dakika 20, siku tano au sita kwa wiki. Baada ya wiki moja au mbili, kama hali imetulia, pandisha mapigo matano hadi 10. Maumivu yakiongezeka kidogo na kuisha ndani ya saa moja, hujaharibu kitu. Yakikulaza mpaka kesho yake, ulizidisha; punguza, usiache. Mabondia wengi hukosea hapa: siku wakijisikia vizuri wanakimbia kilomita 10, halafu siku tatu hawainuki.

Kizunguzungu nacho si cha aina moja. Kikija ukijigeuza kitandani, kikazungusha chini ya dakika moja kisha kikatulia, yaelekea vichangarawe vya sikio la ndani vimehama mahali pake. Hakuna kidonge kinachovirudisha. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) hukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, na mara nyingi vikao vichache vinatosha. Lakini kama macho ndiyo yanayopoteza shabaha ukitikisa kichwa, bandika herufi moja ukutani, kaa umbali wa mkono, ikazie macho huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto kwa sekunde 30, mara tatu kwa siku. Kikikushika kidogo ni sawa, ngoja kiishe ndipo urudie. Herufi ikianza kuchezacheza, umeenda kasi mno.

Maumivu yanayoanzia kisogoni na kupanda hadi juu ya jicho, hasa ukigeuza shingo, huenda ni ya shingo yenyewe. Ngumi inayotikisa ubongo imepita shingoni pia. Shingo ikaguliwe, usiibinye mwenyewe.

Sasa vidonge. Umeniandikia unameza parasetamoli kila siku. Dawa hizo, na za jamii ya diklofenaki, zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe hugeuka chanzo cha maumivu ya kichwa. Usisubiri ufike huko. Ukipunguza, siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma zaidi, kwa hiyo panga na daktari. Pombe acha kabisa kwa sasa. Kahawa isivuke saa sita mchana, na uamke saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Hasira zisizo na sababu nazo ni sehemu ya ugonjwa. Mweleze shemeji hivyo, asidhani umemchoka. Ukianza kufikiria kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukitapika mfululizo, ukipata degedege, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili.

Kuhusu ule ugonjwa wa ubongo wa mabondia wastaafu unaokutisha: huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo baada ya kifo. Hakuna anayeweza kukuhakikishia leo kwamba unao, na dalili zako za miezi hii hazitoshi kusema hivyo.

Sparing, yaani kupigana kwa mazoezi, usiiguse. Najua kocha atakwambia vaa kofia ya mazoezi. Kofia ile huzuia kuchanika. Ubongo bado unatikisika ndani ya fuvu. Kanuni za ngumi za ridhaa humsimamisha kwa muda aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa asiweze kuendelea; akipigwa tena baada ya muda mfupi husimama zaidi, na sparing nayo hairuhusiwi muda huo. Wewe umepigwa mbili za ulingoni, na za kambini hakuna aliyezihesabu. Kama ni mimi naamua, glovu ungezitundika.

Ukienda kliniki Muhimbili, nenda na daftari: namba ya asubuhi, mapigo, dakika za kutembea, saa za kulala, vidonge ulivyomeza. Daktari akiuliza kichwa kinaanza kuuma lini, mfungulie ukurasa.

Wako,
Hamisi