Nguvu Zikiisha Kabla ya Siku ya Dripu

Wateja wetu wa dripu ya kingamwili wana maneno ambayo huyasema kwa sauti ya chini, kama wanaomba radhi: "Wiki ya kwanza najiona mzima. Ya tatu, hata kifungo cha shati kinanishinda."

Tafadhali, msione haya kulisema. Katika CIDP, ugonjwa sugu wa mishipa ya fahamu ambao dripu hii huutuliza, kinga ya mwili huigeukia ala ya mafuta inayofunika mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Ala ikiharibika, taarifa hupita kwa kuchelewa au hazifiki kabisa. Hapo ndipo ganzi inapoingia, na mguu kujikwaa kwenye ngazi uliyoizoea miaka yote.

Dripu yenyewe ni kingamwili, yaani protini za kinga, zilizochujwa kutoka plazma (majimaji ya damu) ya maelfu ya wachangiaji damu. Katika utafiti wa dripu hii kwa wagonjwa wa CIDP, uitwao ICE na uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa walianza na gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kisha gramu 1 kila baada ya wiki 3. Sasa, kingamwili hizo hupungua mwilini kwa karibu nusu katika muda wa wiki 3 hivi. Kwa hiyo anayelegea siku chache kabla ya dripu inayofuata hadeki. Huenda dozi yake ni ndogo au nafasi kati ya dripu ni ndefu mno, na daktari anaweza kurekebisha, ila hawezi kurekebisha asichoambiwa.

Ndiyo maana kabla ya sindano muuguzi wetu hukupa kipimo cha mkononi ukibane kwa nguvu zako zote, mara tatu kila mkono, naye anaandika. Nyumbani nako weka daftari: leo nimefunga vifungo mwenyewe, leo nimesaidiwa. Kwetu sisi mistari hiyo ina uzito kuliko "naendelea vizuri" ya mlangoni.

Siku ya dripu kunywa maji ya kutosha, isipokuwa daktari amekuwekea kipimo. Tunaanza matone polepole, tunaongeza kadiri mwili unavyokubali; tenga saa kadhaa. Kichwa kikiuma au ukihisi baridi, tuambie papo hapo, mara nyingi kupunguza kasi kunatosha. Lakini ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, au kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, hata kama umesharudi nyumbani, nenda hospitali mara moja.

Na daftari, njoo nalo.