Barua kwa vijana wa filamu: shikeni kwanza kamera ya mwenzenu

Wanangu mnaotengeneza filamu,

Siku hizi kila kijana mwenye simu nzuri ananiambia yeye ni mwongozaji. Hamu hiyo naipenda. Ila nawaomba mmtazame Zhang Yimou, mwongozaji filamu maarufu wa China, hasa ile miaka ya kabla dunia haijamjua.

Alizaliwa Xi'an mwaka 1950. Baba yake aliwahi kuwa askari wa Kuomintang, chama kilichotawala China kabla ya wakomunisti, na wakomunisti waliposhinda vita, jambo hilo likawa doa kwa familia nzima. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni kali ya Mao iliyowapeleka vijana wengi mashambani, yalipokuja akapelekwa kulima kijijini, kisha akawa kibarua wa kiwanda cha nguo za pamba mjini Xianyang. Kupiga picha alijifunza mwenyewe. Mwaka 1978, Chuo cha Filamu cha Beijing kilipopokea tena wanafunzi, umri ulikuwa umeshampita. Ikabidi akate rufaa Wizara ya Utamaduni, ndipo akakubaliwa. Tena aliingia idara ya upigaji picha, si ya uongozaji.

Alipohitimu alipangiwa studio ya Guangxi, mbali na kwao. Akiwa huko akampigia picha mwenzake wa chuo, Chen Kaige, filamu ya Yellow Earth ya mwaka 1984. Itafuteni, muitazame bila haraka. Ardhi ya manjano imejaza karibu fremu yote, mbingu imebaki ukanda mwembamba kule juu, na mtu anayepita ni kama nukta. Mhusika hajasema neno, nawe umeshaelewa jinsi udongo ule unavyowatawala watu. Filamu ilikuwa ya Chen, lakini jicho lilikuwa la Zhang, na wajuzi waliliona.

Baadaye Wu Tianming, mkuu wa studio ya Xi'an, alimwita ampigie picha Old Well, akaishia kumpa na nafasi ya mhusika mkuu. Zhang hakuwa mwigizaji. Alibeba mawe mlimani mpaka mwili wake ukafanana na wa mkulima, na mwaka 1987 akatuzwa mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Tokyo. Wu huyohuyo ndiye aliyemshika mkono alipoongoza filamu yake ya kwanza, Red Sorghum, yaani Mtama Mwekundu. Mtama ulipandwa, ukangojwa ukue, ndipo wakapiga picha. Mwaka 1988 ikatwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin.

Jina lilipokua hakuwasahau watu wa kawaida. Katika The Story of Qiu Ju ya mwaka 1992 alificha kamera, akamwacha mwigizaji Gong Li, aliyevishwa kama mwanakijiji mjamzito, apite sokoni na barabarani katikati ya watu wasiojua kwamba wanapigwa picha. Ndiyo maana nyuso zile hazidanganyi. Ninaipenda kuliko The Great Wall ya 2016, yenye mamilioni ya dola na majeshi ya mazimwi, ambamo sikupata mtu hata mmoja wa kumkumbuka.

Basi katika kazi yenu ijayo, kila mmoja aache kwanza hadithi yake, akashike kamera au taa kwenye hadithi ya mwenzake mpaka filamu iishe. Na ninyi mlio na vifaa na jina, muwatafute hao wanaojituma, muwape nafasi ya kuongoza kama Wu alivyofanya. Mkikwama kwenye hadithi, njooni nyumbani tuzungumze.

Mzee wenu