Kachero wako ana nafasi nyingi mno

Tanga

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza harusi ya mdogo wako imefikia wapi.

Sura ulizonituma za riwaya yako ya mauaji, ile ya Uingereza ya 1938, nimezisoma zote. Jasusi nimempenda. Maiti ya maktabani nimeivumilia. Tatizo ni huyo Lady wako, bibi wa kikabaila uliyemfanya kachero: ana kasri, ana watumishi, anachunguza mauaji tangu asubuhi hadi chai ya alasiri, na polisi wamesimama wanamngoja aseme! Uingereza ya 1938 ilikuwa na makachero wasiosomea kazi, ila hawakuwa watu wa kasri.

Mchukue Olga Gray, binti wa Birmingham, mpiga taipu. Mwaka 1931 Maxwell Knight wa MI5, idara ya Uingereza ya kunasa majasusi, alimtuma ajipenyeze kwa wakomunisti. Naye hakuvizia dirishani wala kufungua droo za watu. Aliwapigia taipu tu, akanyamaza, akazoeleka, hadi akafika ofisini kwa Harry Pollitt, mkuu wa chama. Mwaka 1934 wakamwamini kumpeleka India na fedha za wenzao wa huko. Aliporudi akaugua, mishipa imemchoka. Na wewe ungechoka, kula na watu miaka yote hiyo huku unawachongea. Alitaka kuacha. Lakini 1937 Percy Glading, mmoja wa wakomunisti wale, akamwomba apange nyumba Holland Road, London, na humo ndimo walimopigia picha michoro ya mzinga wa manowari, iliyoibwa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Alichokiona kikamfikia Knight. Januari 1938 Glading akanaswa stesheni ya Charing Cross, akafungwa miaka 6. Mahakamani Olga aliitwa "Miss X" tu. Akapewa pauni 500, akaenda zake Kanada.

Sasa niambie, hadithi yako ya mauaji si imelala hapo? Mtu mmoja wa kundi lile angekutwa amekufa, ni nani angejua aliyegombana naye kama si mpiga taipu? Na angeisemaje bila kujifichua? Huyo Lady hana cha kupoteza, ndiyo maana simwogopei hata kidogo.

Halafu kuna Dundee. Najua ni Scotland, usianze. Jessie Jordan alikuwa na saluni pale, na barua za majasusi zilipitia kwake kwenda Ujerumani. Mary Curran, aliyefanya kazi mlemle, alimshuku, akaenda polisi. Mei 1938 Jordan akahukumiwa miaka 4. Saluni, shoga! Wanawake wanaongea, kichwa kimeinamishwa kwenye beseni, anayefagia nywele anasikia yote. Maktaba ya nini tena?

Kwa hiyo Lady mwache awe shahidi, tena shahidi mwongo. Atakufaa sana hivyo.

Sura inayofuata nitumie kabla ya Idi. Na yule mbwa usimwue, nakuomba.

Wako,
Shoga yako wa Tanga