Njano ya mahindi imeanzia jani lipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu salfa, ambayo wengi tunaijua kama unga wa njano wa kuulia ukungu tu.

Kila mwaka mahindi yakifika magotini, mashamba mengi huku kwetu hupauka. Ukienda duka la pembejeo unaambiwa ongeza urea, yaani mbolea ya naitrojeni. Mkulima anaongeza, hela inaisha, majani yako vilevile. Hili linaniuma, maana jibu liko kwenye mmea wenyewe. Naitrojeni ikipungua, njano huanzia majani ya chini, yaliyozeeka, kwa kuwa mmea huitoa huko na kuipeleka kwenye majani machanga. Salfa haihami kirahisi hivyo. Ikikosekana, majani machanga ya juu ndiyo hutangulia kupauka, mara nyingi yakiwa na michirizi ya njano katikati ya mishipa, huku ya chini bado ni ya kijani.

Urea haina salfa. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, haina, wala DAP ya kupandia si ya kuitegemea kwa hilo. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Ila SA huongeza uchachu wa udongo, kwa hiyo penye uchachu tayari usiitumie mwaka hadi mwaka bila chokaa, na chokaa tunayo hapa Songwe.

Halafu mabua, jamani! Sehemu kubwa ya salfa ya udongo imo kwenye mboji na masalia ya mimea. Tukichoma mabua kabla ya mvua, nyingi huondoka na moshi. Iliyobaki na kuyeyuka, mvua zetu kubwa huizamisha kuliko mizizi inakofika. Maharage yanayofuata nayo yanaihitaji, kwa sababu ni sehemu ya protini tunayoyalia.

Wenye maduka na mabwana shamba, nawaombeni: kabla ya kumuuzia mtu mfuko wa kukuzia, muulizeni njano imeanzia juu au chini. Na wanaosambaza mbolea za ruzuku waifikishe SA vijijini kabla mahindi hayajatoa mbelewele, wakati bado inasaidia.

Mkulima,
Inyala, Mbeya